Posho na Mwiko: Upishi wa Nyumbani katika Historia ya Lubumbashi

Historia ya Lubumbashi imeandikwa zaidi kwa shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikaufikia mji mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha mawe: hizo ndizo tarehe anazozijua kila mwanafunzi. Moto mwingine, ule wa mbabula uliowaka kila jioni mbele ya nyumba za wafanyakazi, haukupata karani wa kuuandikia. Kitabu cha Pierre Petit kiitwacho Byakula, kilichotolewa mwaka 2004, kimeanza kuziba pengo hilo, na jina lake lenyewe ni la Kiswahili cha mji. Hata hivyo swali moja lingali lastahili kuulizwa: chakula kilichopimwa kwa mizani ya mwajiri kiligeukaje kuwa furaha ya nyumba na fahari ya mji?

Mwanzoni hapakuwa na furaha kubwa. Wafanyakazi wa miaka ya kwanza walikuwa vijana wenye mikataba mifupi, waliokaa kambini pasipo wake. Wengi walitoka katika nchi za mtama, ulezi au muhogo. Kambini wakapewa unga wa mahindi, ambao sehemu yake kubwa ililetwa kwa reli kutoka Rhodesia. Mahindi yalijulikana katika Afrika ya kati tangu zamani, lakini katika sehemu nyingi yalikuwa chakula cha kando, ya kuchoma na ya kuchemsha. Ni mgodi ulioyafanya yawe mlo wa kila siku. Pamoja na unga zilitolewa nyama au samaki, karanga, mafuta ya mawese na chumvi, vyote vikihesabiwa kwa nguvu vitakazompa mtu kazini. Mgawo huo uliitwa posho, nao ulitolewa kila juma. Lugha imelihifadhi jambo hili vizuri kuliko daftari za kampuni, kwani hata leo msemaji wa Kilingala akitaka kutaja juma husema mposo.

Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni iligeuza siasa yake. Iliona afadhali kumweka mfanyakazi pamoja na mke na watoto kwa miaka mingi kuliko kuajiri wageni kila mara. Kwa hesabu ya mwajiri, mke aliletwa ili mume adumu kazini na watoto wakue karibu na mgodi. Lakini mke alikuja na mwiko wake, na mwiko hauna hesabu hiyo.

Maana posho si chakula; ni vitu vya kupikia tu. Bukari, ambayo jina lake ni ndugu wa ugali na wa ubwali wa Kibemba, yadai mkono uliozoea. Maji yakichemka hutiwa unga kidogo kwanza, uwe uji mwepesi utokote. Kisha unga huongezwa konzi kwa konzi huku mwiko ukisukumwa ukutani mwa sufuria, hata donge liachane na chombo bila kuacha vidonge vya unga mbichi ndani. Anayeharakisha huonekana mezani. Na sombe ni ngumu zaidi: majani ya muhogo yasipotwangwa vema na kuchemshwa kwa muda mrefu hubaki na ukali, na wakati wa kuyatia karanga au mawese kila nyumba ina sheria yake, ambayo jirani huiona kuwa kosa. Mke kutoka Kasai, mke kutoka Luapula na mke kutoka kando ya Tanganyika walitwanga uani wakisikilizana milio ya vinu. Kambini watu walijifunza lugha moja kazini. Vyungu navyo vilifunzana. Lengalenga, matembele, samaki wadogo wakavu wa maziwani, munkoyo wa mahindi na mizizi: katika kubadilishana hivi lilizaliwa jambo ambalo hakuna ofisi iliyoliagiza, yaani ladha ya mji.

Tukio jingine la ajabu lilikuwa katika nyumba za Wazungu, ambako wapishi walikuwa wanaume. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, ni historia iliyotungwa upande wa watumishi hao wa nyumbani. Mtu aliyeoka mkate wa ngano na keki mchana kutwa alirudi jioni kula bukari iliyosongwa na mkewe, wala hakuona aibu. Nyumba za mafunzo ya jamii, zilizoongezeka baada ya vita vya 1939–1945, ziliwafundisha wanawake kushona, kupiga pasi na kupika kwa namna ya Ulaya. Somo lilichukuliwa kwa kuchagua. Tanuri hazikuwako, basi mkate uliokwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nayo ngano ikapata nafasi yake kwenye chai ya asubuhi, si zaidi.

Kisha mwajiri mwenyewe alianguka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980; mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Mishahara ilichelewa miezi mingi, na nyumba nyingi zikala mara moja kwa siku. Ndipo unga wa muhogo, uliodharauliwa na watu wa kambi kama chakula cha kijijini, ulipochanganywa na ule wa mahindi ili sufuria ijae, na wanawake wakatoa mbabula nje ya ua, wakauza maandazi na bukari kwa wapita njia. Wanaume waliokuwa wamehesabiwa kwa miaka sitini kuwa ndio walishaji wa nyumba walikaa kizingitini wakingoja kuitwa mezani.