Mizani Mbili za Musoma

Katika mwezi wa Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mahali penyewe palikuwa na maana yake. Katika mji huo, mwaka 1934, Julius Nyerere alianza darasa la kwanza shuleni Mwisenge, naye alikwisha kutimiza miaka 12. Na katika nchi yote ile ya ziwa, Mwanza na visiwa vyake pia, watoto waliopata dawati walikuwa wachache kuliko waliochunga ng'ombe na kuchuma pamba.

Mkutano ulikata mashauri mawili juu ya elimu. La kwanza, kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe shuleni ifikapo Novemba, 1977, wala si 1989 kama ilivyokuwa imepangwa hapo kwanza. La pili, mwanafunzi amalizapo kidato cha sita asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja. Atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili kwa uchache, tena aje na ushuhuda wa mwajiri wake na wa tawi la chama kwamba mwenendo wake wafaa.

Shauri hili la pili lilikuwa na mizizi. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam kuyapinga masharti ya kulitumikia Taifa, na Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata kusimama peke yake mwaka 1970, makamu wake wa kwanza wa mkuu wa chuo alikuwa Pius Msekwa, mzaliwa wa Ukerewe, aliyetoka katika ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka uliofuata Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi kuulaumu utawala wa chuo. Akakamatwa na askari, akaondolewa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani akae barazani na kutoa amri. Musoma ulijibu kwa upande mwingine kabisa: haukugusa viti vya baraza, uligusa mlango. Aliyekwisha kupimwa na chama kabla ya kuingia hangekuwa na sauti ile ile ya mwaka 1971.

Wengi huyaeleza mashauri haya mawili mbalimbali, moja katika habari za shule za msingi na jingine katika habari za Chuo Kikuu. Hapo ndipo jambo kubwa hupotea. Kwa maana walimu wa kuwapokea watoto hao wote hawakuwako. Vyuo kama Butimba, Mwanza, visingaliweza kuwatoa kwa miaka mitatu hata vingalifanya kazi usiku na mchana. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa vijijini mwao, nao wakajifunza ualimu huku wakisomesha, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa msaada wa wakufunzi. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mkutano mmoja uliweka mizani mbili. Kijana wa kidato cha sita, mwenye miaka 20, aliambiwa kwamba hajakomaa kusikiliza mihadhara. Mdogo wake wa darasa la saba alionekana amekomaa kuwafundisha watoto hesabu. Si haki kusema kwamba viongozi hawakuwa na sababu. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walipita milioni 3 mwaka 1980, na wengi wao wasingalionja shule kamwe. Lakini gharama ya haraka hiyo hawakutwishwa waliokata shauri. Walitwishwa walimu wenyewe. Watu walizigeuza herufi za mpango, UPE, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu; na dhihaka hiyo ilimwandama mwalimu hata alipokuwa amefaulu mitihani yote aliyowekewa.

Mizani ya Chuo Kikuu ndiyo iliyolegezwa upesi. Idadi ya wanawake walioingia ilipopungua, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya ndoa na uzazi, wao walisamehewa sharti la kazi. Wasomi wana watetezi. Mwalimu wa kijijini, aliyekuwa peke yake ubaoni mbele ya watoto themanini, hakuwa na baraza la kumwandikia barua ya wazi.

Katikati ya miaka ya 2000 shule za sekondari zilipoongezwa kwa haraka kama ile, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa kufundisha. Mara hii jina la kejeli lilitokana na vocha za simu: waliitwa vodafasta.