Dawa ya mafua na usukani: zipi zinamlaza dereva anayepita Chalinze

Chalinze ni njia panda. Magari yanayotoka Dar es Salaam hugawana hapo: ya Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya yananyoosha mbele, ya Tanga, Moshi na Arusha yanakata kulia kupitia Msoga, Lugoba na Msata. Tangu 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, pilikapilika hazilali. Dereva akisimama kula na kununua maji, si ajabu akapita pia duka la dawa kuchukua vidonge vya mafua au vya mgongo.

Shida ni kwamba dawa nyingi za mafua zina kiambato kinacholeta usingizi, na usingizi huo haumkuti mtu pale dukani. Huanza kama nusu saa hadi saa moja baadaye na kuzidi kadiri muda unavyokwenda. Wakati huo gari lishafika Mdaula au Mbwewe.

Kwa nini dawa ya pua inafika kichwani

Kiambato chenyewe ni klorofenamini, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Piriton. Kwenye boksi jina lake huanza na herufi "chlorphen". Hupatikana peke yake kama kidonge kidogo, au kikiwa kimechanganywa ndani ya dawa za "mafua na homa".

Mtu akiwa na aleji, mwili wake hutoa kemikali inayoitwa histamini. Puani huleta kamasi, chafya na muwasho. Lakini histamini ina kazi nyingine ndani ya ubongo: ni moja ya kemikali zinazomfanya mtu awe macho. Klorofenamini huziba sehemu ambazo histamini hushika, na kwa kuwa huvuka kirahisi ukuta unaolinda ubongo, haichagui. Inakausha pua na inapunguza uchangamfu kwa wakati mmoja. Promethazini, ambayo hutumika pia kwa kichefuchefu cha safari, inalaza zaidi.

Kibaya zaidi, mtu anaweza asijisikie usingizi kabisa na bado akawa mzito. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha jaribio la watu 40 wenye aleji walioendeshwa kwenye mashine ya kuigiza barabara. Waliomeza difenhidramini, ndugu wa karibu wa klorofenamini, waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamekunywa pombe. Na kujisikia usingizi hakukutabiri nani angeendesha vibaya. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi hainishiki hiyo" haina uzito sana.

Energy drink nayo haimalizi kazi. Kafeini huziba kemikali tofauti inayoleta uchovu, inaitwa adenosini. Mlango uliofungwa na klorofenamini unabaki umefungwa.

Mbadala upo. Loratadini na feksofenadini haziingii sana kwenye ubongo, ndiyo maana haziwalazi wengi. Setirizini iko katikati, baadhi ya watu huwaletea usingizi. Kwa pua iliyoziba tu, hata maji ya chumvi ya kusafishia pua husaidia.

Kikohozi

Dawa ya maji ya kikohozi inaweza kuwa na chochote. Zenye ambroksoli au bromuheksini hulainisha makohozi na kwa kawaida hazilazi. Zenye klorofenamini au difenhidramini zinalaza. Zenye kodeini ni habari nyingine: ini hubadilisha sehemu ya kodeini kuwa mofini, na kuna watu ambao kwa sababu ya jeni zao wanafanya hivyo haraka kupita kiasi. Ethiopia ni moja ya nchi ambako watu wa aina hiyo wamekutwa kwa wingi. Dozi ya kawaida kwa mwingine inaweza kuwalewesha wao au kupunguza pumzi. Ndiyo sababu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kodeini isipewe mtoto wa chini ya miaka 12.

Maumivu ya mgongo na kichwa

Parasetamoli hailazi. Hatari yake ni kuhesabiwa vibaya. Mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sasa chukua dereva aliyemeza Panadol mbili asubuhi, mchana akameza dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani, jioni akaongeza kidonge cha mgongo kilichochanganya diklofenaki na parasetamoli. Akirudia mzunguko huo, anavuka kikomo bila kujua. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, na lina akiba ya kuizima. Akiba ikiisha, ini ndilo linaloumia, na siku ya kwanza mtu anaweza asione dalili yoyote ya maana.

Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo na kuzichosha figo, hasa kwa mtu anayekaa kwenye joto na kunywa maji kidogo ili asisimame kukojoa. Madereva wa masafa wanajielewa hapo.

Halafu kuna tramadoli. Ni dawa ya hospitali kwa maumivu makali, ilianza kuuzwa Ujerumani 1977. Hufanya kazi kama ndugu wa mofini na pia hugusa kemikali nyingine za ubongo, kwa hiyo baadhi huona kama inawapa nguvu. Afrika Magharibi inajulikana kutumiwa na madereva na vibarua ili wasichoke. Lakini nguvu hiyo ni ya muda: inaleta kizunguzungu, inaweza kusababisha degedege hata kwa mtu asiye na kifafa, na mwili huizoea. Ikichanganywa na pombe au diazepamu, pumzi inaweza kusimama.

Diazepamu yenyewe hukaa sana. Aliyeimeza usiku ili apate usingizi anaweza kuamka nayo damuni, na mabaki yake hubaki kwa siku kadhaa.

Wenye pumu na kifafa

Salbutamoli ya kupuliza hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache na hailazi. Inaweza kutetemesha mikono na kuongeza mapigo ya moyo, zaidi ikiwa ya vidonge. Mwenye pumu awe makini na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwani kwa baadhi huamsha shambulio. Propranololi, inayotumika kwa presha na kipandauso, nayo hubana kifua. Na kopo la kupuliza lisiachwe juu ya dashibodi juani.

Anayetumia fenobabito au karbamazepini kwa kifafa asiache ghafla eti kwa sababu zinamchosha, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Suala la kuendesha gari alimalize na daktari wake.

Swali la kuuliza dukani

Maduka mengi ya barabarani ni Maduka ya Dawa Muhimu, mfumo ulioanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 badala ya yale ya dawa baridi. Wauzaji wake wamepewa mafunzo, ila hawawezi kujua kazi ya mteja asipoisema. "Dada, mimi naendesha gari, hii inalaza?" inatosha kubadilisha kidonge atakachopewa. Aongeze na dawa alizokwisha kumeza siku hiyo. Na kama dawa pekee iliyopo ni ile inayolaza, aimeze akishafika anakolala, huku akikumbuka kwamba klorofenamini ya usiku inaweza kumwacha mzito hadi asubuhi.