Wewe ni wa nani?

Kisiwani Lewis, magharibi mwa Uskoti, wazee humuuliza kijana kwa Kigaeli: “Cò leis thu?” Yaani, wewe ni wa nani? Swali zuri mno, maana linatafuta watu wako kabla ya kazi yako. Jina la ukoo halitoshi; akina MacLeod na Morrison wamejaa tele. Hujibiwa kwa sloinneadh, majina yanayofuatana: lako, la baba, la babu.

Lakini wengi walihama wakaenda mbali na watu wao: Aprili 1923 meli ya Metagama iliondoka Stornoway, mji wa Lewis, kwenda Kanada na vijana wapatao 300.

Wajukuu wa wahamiaji wakitafuta asili yao, kituo cha Seallam! huko Harris, jirani na Lewis, kimekusanya nasaba za visiwa vya eneo hilo. Ila waje na jina la kijiji; akina Donald MacLeod ni wengi.