Kantabile: Kupiga Piano kwa Kuimbisha

Kwa Kiswahili kila ala hupigwa. Ngoma hupigwa, sawa. Lakini fidla inayosuguliwa kwa upinde nayo hupigwa, udi hupigwa, hata filimbi na zumari, ambazo kazi yake ni pumzi, tunasema zinapigwa. Hakuna anayeshangaa. Mshangao huanza mwanafunzi wa piano anapolikuta juu ya mstari wa noti neno la Kiitaliano cantabile, ambalo hapa nitaliandika kantabile. Neno hilo linamtaka aimbe, na mdomo wake haumo kazini.

Kisiwani kwetu Wasini, neno limeingia kwa simu. Binti ya dada yangu hukesha barazani na tamthilia za Asia, na aliyoishikilia zaidi ni ya Kijapani, Nodame Cantabile, iliyorushwa na Fuji TV kuanzia Oktoba hadi Desemba 2006 kwa vipindi 11, kutokana na hadithi za katuni za Tomoko Ninomiya. Nodame ni mwanafunzi wa piano ambaye chumba chake ni jaa tupu. Jirani yake, Chiaki, ni msafi, mkali, na anataka kuwa kiongozi wa okestra, ila hawezi kwenda Ulaya kusomea kwa kuwa anaogopa ndege na bahari pia. (Huyo huku kwetu angeishia gatini Shimoni, ng’ambo kule, akituangalia kwa mbali.) Kipindi hufunguka kwa Simfonia ya Saba ya Beethoven, na binti sasa anaiimba akiosha vyombo. Siku moja akaniuliza:

“Mjomba, huyo Cantabile ndiye babake Nodame?”

Swali la haki kabisa. Sisi huku jina la pili ni la baba.

Jibu limo ndani ya tamthilia yenyewe. Mara ya kwanza Chiaki anapomsikia Nodame, msichana anapiga sehemu ya pili ya sonata ya Beethoven iitwayo Pathétique, iliyochapishwa 1799. Mwendo unakwenda na kurudi apendavyo yeye, na mwanzoni Chiaki anadhani ni ovyo. Kisha anatambua kwamba yule msichana anaimba. Juu ya sehemu hiyo Beethoven mwenyewe aliandika Adagio cantabile. Adagio ni polepole. Cantare kwa Kiitaliano ni kuimba, na cantabile ni kitu kinachoimbika.

Kwa nini amri hiyo iwe ngumu? Fungua kifuniko cha piano uone. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa inaruka, inagonga nyuzi, inarudi. Basi. Tangu hapo sauti inaanza kufa, na kidole hakina la kuifanya: hakiwezi kuiongeza, wala kuitetemesha kama mpiga fidla anavyoitetemesha. Linganisha na nzumari ya Sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, ambapo mpigaji huvimbisha mashavu, akavuta pumzi kwa pua huku akiitoa kwa mdomo, na sauti haikatiki. Piano haina shavu. Mwimbaji akishika neno moja anaweza kulikuza katikati, akalilegeza mwisho. Piano kila noti yake huzaliwa kubwa na kufa ndogo.

Kwa hiyo kantabile ni ujanja wa kumdanganya msikilizaji. Katika mwanzo wa Pathétique hiyo, mkono wa kulia unabeba kazi mbili: vidole vya pembeni, hasa kile kidogo, vinashika wimbo juu, huku gumba na mwenzake vikitiririsha noti nyepesi za kati bila kupumzika, na mkono wa kushoto ukiweka besi. Kidole kidogo, kilicho dhaifu kuliko vyote, ndicho kinachotakiwa kusikika kuliko vyote. Mpigaji hukipa uzito wa mkono mzima, noti za kati akazinong’oneza, na hakiachii kibao mpaka kile kinachofuata kimeshashuka. Sauti moja ikifia ndani ya nyingine, sikio linaunga lenyewe na kuapa limesikia mtu akiimba. Bach alilidai jambo hili mapema: kwenye ukurasa wa kwanza wa Inventions zake, 1723, aliandika kwamba mwanafunzi ajipatie, kuliko yote, namna ya kupiga yenye kuimba. Chopin naye aliwahimiza wanafunzi wake wa piano wakawasikilize waimbaji.

Kujifunza muziki mzito kwa njia ya mchezo wa mapenzi si jambo geni pwani hii. Kabla ya simu kulikuwa na sinema za Kihindi. Filamu kama Baiju Bawra ya 1952, ambayo muziki wake ulitungwa na Naushad, ilijengwa juu ya raga, na mabingwa wa muziki wa jadi wa India, Amir Khan na D. V. Paluskar, waliimba ndani yake. Watazamaji waliokwenda kulia na mpenzi aliyetengwa walirudi na raga masikioni, majina yake wasiyajue. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alizichukua sauti za filamu za Kihindi akazitilia maneno ya Kiswahili, na taarabu ya Mombasa ikapata tawi zima. Nani aliyemwuliza kwanza kama amesomea?

Lakini ala ya muziki ule ilikuwa armonia, na hapo ndipo tafsiri ya kantabile inapoanza kutatiza. Armonia ina mivukuto. Ukiendelea kuipepea, noti inakaa utakavyo. Kinanda cha kanisani vilevile. Sisi vyote hivi, pamoja na piano, huviita kinanda, na zamani kinanda kilikuwa pia ala ya nyuzi. Ukisema “imbisha kinanda”, msikilizaji wa Bhalo atasema mbona kinaimba chenyewe. Katika makala za aina hii, basi, piano iitwe piano.

Sasa neno lenyewe. “Kwa mahadhi” halitoshi, maana kila wimbo una mahadhi, hata wa kupiga makofi. “Kwa kughani” linavutia, lakini mghani huegemea maneno, na kantabile haina neno hata moja. “-a kuimbika” ndiyo tafsiri ya herufi kwa herufi. Inausifu wimbo, ila haimwambii mpigaji afanye nini. Mimi ninachagua “kwa kuimbisha”. Kiambishi kile cha -isha kinakiri kwamba ala haitaki, na kwamba kuna mtu anayeifanya itake. Najua wanakwaya huimbisha wenzao kwa maana ya kuwaongoza, na kijana wa Ukunda akikwambia anamwimbisha msichana, hazungumzii muziki kamwe, anabembeleza. Sioni hasara. Hata Nodame alimpata Chiaki kwa piano.

Kwenye karatasi ya noti, liachwe la Kiitaliano. Wanataarabu wa Zanzibar hawakuitafsiri bashraf, ule utangulizi wa ala tupu, walijifunza tu kuipiga. Tafsiri ni ya darasani na ya magazetini: Adagio cantabile ya Beethoven, “polepole, kwa kuimbisha”, Andante cantabile ya Tchaikovsky, ya 1871, “kwa mwendo wa kutembea, kwa kuimbisha”, ingawa ile ni ya fidla na jamaa zake, ambao kuimba kwao hakuhitaji ujanja wa nyundo.

Limebaki moja. Chiaki anapoueleza upigaji wa Nodame hutanguliza neno capriccioso, yaani kufuata moyo unavyogeuka. Nilipendekeza “kwa kujiamulia”. Binti alikunja uso.

“Hilo la mkutano wa kijiji, mjomba. Andika ‘kwa kudeka’.”

Nimeandika.