Vijana wa 4-K Mbele ya Wakuu wa Nchi

Ewe msomaji kijana, ukipita Kiamaiko, upande wa mashariki wa Nairobi, utaona mbuzi wakishushwa katika malori yaliyotoka kaskazini mwa Kenya. Mji huishi kwa jasho la mashamba na malisho. Kwa hiyo yafaa ujue habari za vyama vya 4-K.

Vyama hivi vilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwa kufuata mfano wa vyama vya 4-H vya Marekani, vilivyochipuka Ohio mwaka 1902. Jina lao ndilo fundisho lao: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wanafunzi wa shule za mashambani walilima bustani, wakafuga kuku na sungura, wakaandika hesabu zao daftarini.

Siku za maonyesho ya kilimo zilipowadia, wakuu wa serikali walipita penye vibanda vyao. Mara nyingi kijana huitwa mbele ya mkubwa ili aonywe. Hapo alisimama ili aeleze. Alishika kabichi aliyoipanda mwenyewe, akataja mbegu, mbolea na gharama. Mkubwa akauliza, mdogo akajibu. Heshima hiyo aliichuma kwa mikono yake.

Baadaye vyama vilizorota, hata Rais Uhuru Kenyatta akavizindua upya mwaka 2021.

Nawe wa mjini, usiseme huna shamba. Gunia la udongo mlangoni laweza kuotesha sukuma wiki. Je, mkubwa akija mtaani kwenu, utamwonyesha nini?