Ufagio Mahali pa Cheti

Kuna kisa ambacho waandishi wa historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki wanakipenda sana. Mwaka 1964, mwaka uleule aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana chini yake na ambao bado walikuwa hai. Walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara ya vita. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa vita vilipokwisha mwaka 1918. Wengine walileta mabaki ya sare zilizoliwa na nondo. Basi yule mtu wa benki aliyeleta fedha akapata wazo: kila mzee aliyesogea mbele alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani apige kwata kana kwamba ameshika bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa ni kitamu mno, na utamu huo ndio unaonitia shaka. Kinasimuliwa zaidi na watu wanaomhusudu Lettow-Vorbeck, na kinamalizika jinsi wanavyotaka kimalizike: miaka 46 imepita, mwili wa Mwafrika bado unakumbuka amri ya Mjerumani. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake Violent Intermediaries cha mwaka 2014, ameichambua vizuri picha hiyo ya askari mwaminifu na kuonyesha jinsi inavyoficha kwa nini watu hao walijiunga na jeshi, walipata nini, na walifanya nini kwa raia wa nchi hii. Sitaki kuurudia uchambuzi wake. Kinachonivutia mimi ni kitu kikavu zaidi, ambacho wasimulizi hukipita haraka ili wafike kwenye ufagio. Hapa kuna mlipaji mwenye fedha mkononi na wadai waliopanga foleni, ila hakuna orodha inayoweza kuwaunganisha.

Chukua kisa kama kilivyo, halafu angalia foleni ile ina nani. Ina wanaume waliokuwa hai mwaka 1964 na wenye nguvu ya kusimama wima na kuinua mti begani. Kiharusi kingetosha kumwondoa mtu. Mjane je? Wake wa askari walitembea na majeshi yale mwendo wa miezi na miezi, wakipika, wakibeba mizigo, wakizaa njiani. Mjane hapigi kwata. Angekuwa na cheti cha mumewe, angalau angekuwa na kitu cha kuweka mezani. Mwili una kumbukumbu, sawa, lakini kumbukumbu hiyo hairithiwi. Karatasi hurithiwa, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa katika mambo ya mafao: kusema kwa niaba ya mtu ambaye hawezi tena kufika dirishani.

Wapagazi hawakuwa na foleni kabisa. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa kwamba watu karibu milioni moja waliandikishwa kubeba mizigo ya vita, wengi kwa nguvu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimeachiwa jina la kikosi chao, Carrier Corps, likiwa limeviringishwa na ndimi zetu hadi likawa la kwetu. Wapagazi walipewa namba. Majina yao yaliandikwa na makarani ambao mara nyingi hawakujua lugha ya anayeandikwa, wakaandika walichokisikia. Mtu alipokufa kwa kuhara damu porini, ilibaki namba, jina lenye herufi za kubahatisha, na kijiji ambacho huenda kilikuwa jina la chifu au la kilima. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia warithi wao. Baada ya vita fedha hizo zilizua ubishi wa miaka mingi. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alikuwa miongoni mwa maofisa waliotaka angalau zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti inazungumzia zaidi ubaguzi, na ni haki yake. Ila ukiisoma kwa jicho la masjala unaona pia jinsi ubaguzi ulivyofanya kazi kila siku: si lazima mtu atoe amri kwamba hawa wasilipwe. Inatosha kuamua kwamba majina yao hayastahili muda wa karani.

Na isidhaniwe kwamba dola ya kikoloni haikujua kutunza kumbukumbu za mfanyakazi. Ilijua sana. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Hicho ndicho kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilikuwa na jina, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuachishwa iliyosainiwa na mwajiri. Hebu tazama orodha hiyo tena. Ni karibu kila kitu ambacho mfuko wowote wa pensheni unakihitaji ili kukokotoa haki ya mwanachama! Lakini kipande kilitengenezwa kumkamata anayetoroka kazini, wala hakikukusudiwa kumlipa aliyeimaliza. Huku kwetu Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, vibarua wa mkataba waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu ya zile namba walizopewa. Neno limebaki mdomoni mpaka leo, likiwa na dharau yake.

Mwaka uleule wa 1964, wakati wazee wa Mwanza wakihangaika na vyeti vyao, sheria ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Kenya ilifuata mwaka 1965 na NSSF yake. Sijui kama kuna mtu wakati ule aliyeyaona mambo haya mawili kwa pamoja, deni la dola iliyokufa na ahadi ya dola iliyozaliwa, lakini mimi nashindwa kuyatenganisha. Kwa mara ya kwanza kibarua wa kawaida, si karani wala ofisa tu, alikatwa sehemu ya ujira kwa ahadi kwamba mwajiri ataongeza yake na kwamba kitabu fulani, mahali fulani, kitamkumbuka.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza na mgumu kuutimiza. Kila mwezi mwajiri hupeleka vitu viwili: fedha, na orodha inayosema fedha hizo ni za nani. Fedha zikifika bila orodha, au orodha ikiwa na namba iliyokosewa tarakimu moja, mfuko unapokea mchango ambao hauna mwenyewe. Haujapotea. Umo benki, unahesabika katika taarifa za mwaka, tena unazaa. Ila hauna jina. Na mfanyakazi haoni chochote, kwa kuwa karatasi yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, na kweli amekatwa.

Kwa zaidi ya miaka 30 hitilafu za namna hii zilikuwa na madhara yenye mpaka, kwa sababu NPF ilikuwa mfuko wa akiba: ulicholimbikiza ndicho unachopewa kwa mkupuo. Ukipotea mwezi mmoja, umepoteza mwezi mmoja. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ilibadilisha hesabu. Mfuko ukawa wa pensheni, na pensheni ya kila mwezi huitaji miezi isiyopungua 180 ya michango, yaani miaka 15. Mwenye miezi 180 analipwa kila mwezi mpaka afe. Mwenye 179 anapewa mkupuo wake, anaaga. Kwa hiyo mwezi mmoja ulioandikwa kwa namba ya mtu mwingine mwaka fulani, katika kiwanda ambacho huenda kimeshafungwa, unaweza kuwa na thamani ya uzee mzima. Mwishoni mwa 2018 nchi nzima ilibishana kuhusu kikokotoo, hata Rais akaingilia kati na kusitisha kanuni mpya. Nilifuatilia mjadala ule kwa hamu, kama wengi. Watu walitetea asilimia kwa nguvu zote, na walikuwa na sababu. Lakini kikokotoo chochote huzidisha idadi ya miezi, na miezi hiyo ni ile tu iliyoandikwa.

Anayedhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini na asome habari za Japani. Mwaka 1997 Wajapani walianza kumpa kila mwanachama namba moja ya msingi ya pensheni, badala ya namba tofauti kwa kila mpango na mara nyingi kwa kila kazi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, ikafichuka kwamba kumbukumbu zipatazo milioni 50 zilikuwa hazijaunganishwa na mtu yeyote. Sababu mojawapo ni ya kilugha, na mimi ndiyo inanisisimua kuliko zote. Jina la Kijapani likiandikwa kwa herufi za kanji linaweza kusomeka kwa namna kadhaa. Data zilipohamishiwa kwenye kompyuta kwa herufi za sauti, mtu mwingine alikaa akakisia: huyu anasomeka hivi au vile? Ongeza wanawake waliobadili ukoo walipoolewa, na tarehe za kuzaliwa zilizokosewa. Julai 2007 chama tawala kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa Baraza la Juu, huku sakata la pensheni likiwa moja ya sababu kubwa, na Septemba waziri mkuu Shinzo Abe akajiuzulu. Wakala uliohusika ulivunjwa, na Januari 2010 chombo kipya kikaanza kazi.

Sisi hatuna kanji, lakini tuna Mohamed, Mohammed, Muhamed na Mudi. Tuna mtu anayeitwa Juma Hamisi shuleni, Juma Hamisi Mtumwa kwenye cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa ukubwani, na Juma Mtumwa kazini kwa sababu karani aliona majina mawili yanatosha. Jina la tatu la wengi wetu si la ukoo bali la babu, na familia nzima inaweza isilitumie kwa namna moja. Mifumo mingi tuliyoirithi inadhani mtu ana jina lake na jina la ukoo, basi.

Halafu kuna waliofanya kazi kwa majina yasiyo yao. Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa. Wapo miongoni mwao ambao vyeti vilikuwa vya kweli, ila vya mtu mwingine, na waliitika jina hilo kazini miaka 20. Michango yao ilikatwa kwa jina hilo. Ni ya nani? Mkali atasema ni matunda ya udanganyifu. Mimi nadhani aliyetoa sindano wodini usiku alikuwa mtu wa kweli, na mshahara aliokatwa ulikuwa wa kweli. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokatwa wao wenyewe, bila ile ya mwajiri. Ni uamuzi wa katikati, na kumbukumbu zilezile zenye jina la uongo ndizo zilizotumika kujua kila mmoja arudishiwe kiasi gani.

Mwaka 2018 mifuko minne, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kila muunganiko ni uhamisho wa majina. Siku hizi yapo mambo ya namba ya NIDA, na simu inayoweza kukuonyesha michango yako ukiwa kitandani. Asiyetazama mapema hulazimika kwenda kwa wakili au mahakamani kula kiapo. Hati hizo za kiapo zina lugha yake moja, na nimezisoma nyingi kuliko inavyohitajika kwa tasnifu: mimi ninayeapa hapa, ninayejulikana pia kwa majina haya na haya, nathibitisha kwamba majina yote yaliyotajwa ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Chini kuna sahihi, muhuri, na kwa wazee wengi, dole gumba.