Mfuatano wa Tamthilia na Mwaka wa Jaladani

Mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, uliochapwa mwaka 1623, ulizipanga kwa aina, yaani futuhi, historia na tanzia, bila kuonyesha ipi ilitangulia. Mwaka 1778 Edmond Malone, mwanasheria wa Ireland aliyehamia London, alijaribu kuzirejesha katika mfuatano wake. Alitumia ushahidi wa nje, kama orodha ya Francis Meres ya mwaka 1598, kwa kuwa tamthilia iliyotajwa humo haiwezi kuwa ya baadaye. Tena alitumia ushahidi wa ndani, yaani matukio yanayodokezwa na mtindo wenyewe, akiamini kwamba wingi wa vina ni dalili ya ujana wa mwandishi.

Njia hiyo inamfaa sana Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia mzaliwa wa Kilwa, ambaye kazi zake hupangwa mno kwa mwaka wa jaladani. Kwa kipimo hicho Kinjeketile (1969) inaitangulia Wakati Ukuta, iliyotoka mwaka 1970, ingawa Wakati Ukuta, yenye mgogoro wa Tatu na wazazi wake uliojengwa kwa muundo wa tamthilia za Ulaya, ni kazi ya enzi za uanafunzi wake. Kwenye Ukingo wa Thim haina utata: inatokana na kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno wa Kenya, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987, nayo ilichapwa mwaka 1988, hivyo muda wa kuandikwa kwake ni mfupi na unajulikana.

Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Msomaji wa Njombe au Makambako anajua kwamba vita hivyo vilifika Ubena, ambako Septemba 1905 misheni ya Yakobi ilishambuliwa na wapiganaji wa chifu Mbeyela. Lakini tukio huweka mpaka wa nyuma tu, na kati ya mwaka huo na kitabu kuna miaka 64. Kinachoupunguza muda huo ni mawazo yaliyomo: swali la jinsi makabila yaliyotengana yanavyoweza kuwa kitu kimoja, na shaka ya kiongozi juu ya neno alilolitamka mwenyewe, ni maswali ya Tanzania iliyokwisha kujitawala, wakati wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakikusanya masimulizi ya wazee walioshuhudia vita hivyo.